Kompyuta Yenu Ni Nzima Mno

Kikundi cha Akina Mama Wafumaji,
Nyambureti, Serengeti.
Jumatano, 10 Juni 2026.

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Wana-Nyambureti Waishio Mbali,
Mwanza.

YAH: OMBI LA KUICHUKUA KOMPYUTA MPYA NA KUTURUHUSU TUWE NA KUUKUU

Ndugu Mwenyekiti Sylvester,

Barua hii naiandika nikiwa katibu wa kikundi. Mambo ya kwamba wewe ni shemeji yangu tuyaweke kando kidogo. Shemeji nitamsalimia mwishoni, karatasi ikitosha.

Kwanza nishukuru, maana mkono mtupu haulambwi, nanyi hamkuja mikono mitupu. Mwezi uliopita Umoja wenu ulituletea kompyuta mpya kabisa, bado ina plastiki usoni. Mbuzi alichinjwa, padri akaibariki, na wewe mwenyewe ukazungumza kwa simu iliyoshikiliwa mbele ya kipaza sauti, ukasema Nyambureti sasa imeingia ulimwenguni. Tukapiga vigelegele mpaka makoo yakakauka. Sasa, kwa heshima na taadhima, tunaomba mje muichukue.

Msituelewe vibaya. Kompyuta haina ubovu wowote. Kosa lake ni kwamba ni nzima mno, na kazi yetu inataka mashine iliyokwisha kuzeeka.

Kwa faida ya wanachama wenu wanaotujua kwa picha tu: kikundi chetu hufuma masweta ya shule kwa mashine tuliyoachiwa na mtawa mmoja wa Kizungu aliporudi kwao kupumzika. Mashine hiyo ina sindano zake na reli yake, ila akili yake iko nje, kwenye kompyuta. Na kompyuta hiyo ni lazima iendeshwe na mfumo wa zamani uitwao DOS. Ni ule wa kioo cheusi na maandishi meupe, hauna picha wala hautaki kipanya. Unauandikia amri. Ukikosea herufi moja unakataa, ukipatia unatii, na hausemi neno la ziada. Nimeolewa katika ukoo wenu miaka mingi na sijaona tabia nzuri kama hiyo.

Kompyuta ya zamani iliyokuwa ikiuendesha mfumo huo ilipigwa na radi mwanzoni mwa masika. Mashine ya kufumia ilipona kwa kuwa ilikuwa haijachomekwa. Flopi, zile diski bapa za zamani zenye DOS na programu ya kufuma, zilipona kwa kuwa Mama Waisiko, mweka hazina wetu, huziweka ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda chake, na haamini mtu. Kwa hiyo roho tulikuwa nayo, tulichokosa ni mwili wa kuitia. Tukawaandikia tukiomba kompyuta kuukuu, ya aina ile ile iliyoungua. Neno "kuukuu" tulilipigia mstari. Inaonekana mlidhani tumepiga mstari kwa aibu.

Mnapoendelea kusoma naomba mkumbuke jina moja, Gloria, binti wa Mzee Filemoni. Ana miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne, na yeye ndiye mikono ya mashine yetu. Baba yake alitamka mbele yetu sote kwamba binti mwenye kazi hatamwoza. Tangu mashine inyamaze Gloria hana kazi, na Mzee Filemoni ni mtu wa kushika neno lake. Kuna bwana mmoja wa Kewanja, mwenye wake wawili tayari, ameshaambiwa alete ng'ombe Jumamosi hii. Ndiyo maana naandika upesi na mwandiko wangu umeharibika. Malalamiko yetu ni haya:

1. KUHUSU WAKAGUZI. Mlipotafuta watu wa kwenda kuchagua kompyuta, mliwaacha wote waliowahi kuigusa, mkawateua wazee wawili kwa hoja kwamba ni wazoefu wa ukaguzi: Mzee Filemoni huyo huyo, na Mzee Kisyeri. Uzoefu wanao, sikatai. Hakuna ng'ombe wa mahari aliyeingia kata hii miaka ya karibuni bila wazee hawa kumfungua mdomo. Mkawaongezea kijana Jackson awe mtaalamu, kwa kuwa anauza makava ya simu Sirari.

Tuliwaelekeza waanzie Mugumu kwa Shaaban, fundi redio. Shaaban anayo kompyuta ya rangi ya mtindi, nzito, yenye mdomo wa flopi mbele na tundu pana la pini nyingi nyuma. Tulikuwa tumeijaribu wenyewe kwa flopi za Mama Waisiko. Ilinguruma, ikakohoa, kisha ikatoa ule mstari mweupe na kungoja amri. Mama Waisiko alitokwa na machozi. Shaaban hadai kitu, anataka tu nafasi dukani kwake.

Wazee wakaizunguka. Mzee Kisyeri akaigonga ubavuni na kusikiliza. Mzee Filemoni akatia kidole kwenye mdomo wa flopi, akatoa vumbi, akaliangalia, akamwambia kijana Jackson, "Aah, huyu ni mzee, mura. Meno yamekwisha. Ukimpeleka huyu kwa watu ni matusi." Jackson alipoombwa maoni ya kitaalamu alisema rangi hiyo imepitwa na wakati.

Walikokwenda kununua, walichagua kwa kanuni zile zile: nyeusi, ngozi inang'aa, haina kovu, umri mdogo kuliko wote zizini. Nasikia waliomba itembezwe kidogo waone miguu. Walipoambiwa haitembei, wakaomba angalau igeuzwe waone nyuma. Nasikia pia Mzee Kisyeri aliuliza kama ina ndama wake, wakapewa kipanya, wakaridhika.

Mtaniambia mchagua jembe si mkulima. Ni kweli. Lakini sisi tuliomba jembe, tukaletewa pikipiki, na sasa tunaulizwa mbona hatulimi.

2. KUHUSU MATUNDU. Kompyuta yenu haina mdomo. Tuliigeuza pande zote, juu na chini, Mama Waisiko ameshika flopi mkononi kama mtu aliyeleta chakula kwa mgonjwa, na hapakuwa na pa kuitia. Waya wa mashine ya kufumia nao ni mpana, una pini nyingi, na unataka tundu la printa za zamani. Kompyuta yenu ina vijitundu vyembamba tu. Jackson alileta kiunganishi, kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili, akasema dunia nzima inatumia hicho. Tukakichomeka. Mashine ikatikisika, ikafuma mstari mmoja wa mafundo, ikakaa kimya. Fundo lenyewe tumelihifadhi, mkitaka ushahidi.

3. KUHUSU MBIO. Hili naona haya kulieleza. Kompyuta yenu inakimbia mno. Shaaban alitusaidia kuinakili programu ya kufuma kwa njia ya kuzunguka, tukaiwasha. Sasa programu hiyo ina desturi yake: ikianza, kwanza huipima kompyuta mbio zake, mfano wa mtu anayetumbukiza fimbo mtoni kabla ya kuvuka. Kwenye kompyuta yenu fimbo haigusi chini. Kompyuta inamaliza kazi kabla programu haijaanza kuhesabu muda, hesabu inatoka sifuri, programu inajaribu kugawanya kwa hiyo sifuri, inatoa mstari mmoja wa Kiingereza na kufa hapo hapo.

Kwa hiyo tunaomba rasmi mashine goigoi. Nimetafuta neno la heshima zaidi nikalikosa. Iwe nzito, iwe ya kuitwa mara mbili ndipo iitike. Mababu walisema haraka haraka haina baraka, na sisi tulidhani ni maneno ya kuwatuliza watoto. Hata hivyo, Ndugu Mwenyekiti, sielewi ilikuwaje mkatuchagulia kitu cha mbio namna hii, maana barua yetu ya kwanza mliijibu baada ya mvua kuanza na kwisha.

4. KUHUSU MASHARTI YAKE. Kabla haijakubali kufanya lolote, kompyuta yenu ilidai mtandao. Kwetu mtandao unakaa juu ya kichuguu nyuma ya kanisa, na si kila siku. Tukaibeba hadi huko, tukavuta umeme kwa waya mrefu kutoka sakristia. Ikatuuliza nchi yetu, lugha yetu, majina yetu na namba ya simu. Ikatuwekea masharti marefu kuliko ya ndoa ya kanisani, na chini yake kitufe kimoja tu, cha kukubali. Mama Waisiko akasoma, akasema, "Mimi niliolewa hivi hivi." Tukabonyeza kukubali. Basi ikaanza kujisasisha, ikatuagiza tusiizime. Umeme ukakatika wenyewe. Tulishuka kichuguuni tumeinamisha vichwa kana kwamba sisi ndio tumekosa.

DOS haikuwahi kutuuliza majina yetu. Ilitosheka kwamba tupo.

5. KUHUSU USHAURI WENU WA WHATSAPP. Mwanachama wenu mmoja aliandika kwamba dawa ni ndogo: ndani ya kompyuta mpya iwekwe programu inayojifanya kompyuta ya zamani. Jackson akaiweka. Nakiri ilipendeza. Kidirisha cheusi kikafunguka katikati ya kioo, DOS ikaamka humo, mithili ya babu aliyepewa chumba kwa mwanawe mjini. Mbio zilipunguzwa, programu ikakubali, na sweta likafumwa lote kwenye kioo, la kijani, na kola yake ya umbo la V. Lilikuwa sweta zuri sana. Halikuvalika. Waya wa kulitoa mle ndani hadi kwenye sindano ulikuwa ule ule wa mafundo.

Picha ya sweta hilo ilipofika kwenye kundi lenu mliijaza vidole gumba. Mmoja akaandika, "Hongereni sana akina mama, sasa zalisheni." Watoto wa darasa la kwanza wanakwenda shule asubuhi wamejifunga kanga za mama zao shingoni, baridi ya mwezi huu mnaijua, na sisi tunasifiwa kwa sweta la kwenye kioo.

6. KUHUSU MEZA. Tukaona tusigombane. Tukaomba tu tuchukue ile ya Shaaban, tuiweke kando ya yenu, kila moja na kazi yake. Mzee Kisyeri akasimama akakataa. Alisema zawadi haiwekewi mke mwenza, ni dharau kwa aliyeitoa. Amesema hayo mtu mwenye wake watatu, na wote walikuwepo wamekaa mstari mmoja wanamsikiliza. Mzee Filemoni akaunga mkono, akasema meza hiyo ni ya kompyuta ya Umoja na haitaguswa mpaka Umoja wenyewe utamke. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi.

Wakati huo huo Maua, mke wa Shaaban, amechoka. Ametoa muda mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo ile kompyuta itatolewa matumbo iwe kiota cha kuku. Kuku mwenyewe nimemwona. Huja kila siku, huchungulia mdomo wa flopi, huzunguka nyuma, hujaribu upana. Kwa maoni yangu anajua kuchagua kompyuta kuliko kamati yenu.

7. KUHUSU MWAKA. Programu ya kufuma ina nafasi ya tarakimu mbili tu za mwaka. Ukiiandikia 26 inadhani ni 1926, inakataa kuhifadhi mchoro, maana haiwezi kufanya kazi kabla haijatengenezwa. Dawa yake tunaijua siku nyingi: unaidanganya mwaka ambao siku zake zinalingana na za mwaka huu. Mwaka huu ni 1998. Jumatano ya leo ni Jumatano ya huko, Krismasi zote mbili ni Ijumaa, na programu haina wasiwasi.

Nimelifikiria jambo hili, Ndugu Mwenyekiti, nikaona tumekuwa tukilishika kwa nyuma. Ikiwa imeshindikana kuipata mashine inayotufaa kwa mwaka huu, basi ni rahisi zaidi kuirudisha kata nzima mwaka 1998. Naomba Umoja ulifikishe pendekezo hili panapohusika. Gharama hakuna, na faida ni nyingi. Barabara ya lami tunayoahidiwa itakuwa ahadi mpya, na tutaisubiri kwa moyo mkunjufu. Umoja wenu utakuwa haujaanzishwa, kwa hiyo hamtakuwa mmekosea chochote. Wewe utakuwa mwembamba, na utakuwa bado unakuja nyumbani kila sikukuu. Vijana wetu wote watakuwa hawajazaliwa, nadhani hata nyinyi mtapumua, maana hamtaulizwa tena mnawafanyia nini.

Na Gloria naye atakuwa hajazaliwa. Mtu ambaye hajazaliwa haozwi, ingawa nawajua wazee wa hapa ambao hata hilo wangeomba kwanza walikalie kikao.

8. KUHUSU UKAGUZI WA JUMAMOSI. Wakaguzi ni wale wale. Mzee Kisyeri ameshaalikwa nyumbani kwa Mzee Filemoni kumsaidia kuwaangalia ng'ombe wa yule bwana. Watafunguliwa midomo mmoja mmoja, watapapaswa nundu, watatembezwa, atakayechechemea atarudishwa. Bwana mwenyewe hakuna atakayemfungua mdomo. Mimi nilimwona mnadani akicheka. Angefunguliwa, angeachwa Mugumu kwa Shaaban.

Hapa sitanii tena. Nina hasira. Huyu msichana nimemfundisha mwenyewe kuichomeka ile mashine, akanipita. Nyuzi zikikatika anazisikia kwa sauti kabla mimi sijaona. Akikaa pale huwa anaimba, na tangu masika hajaimba. Juzi nilimkuta anafuta vumbi kwenye reli ya mashine isiyowaka, anapaka mafuta sindano zake, nikamuuliza ya nini. Akasema, "Mama, ikipona isikutwe imeshika kutu." Nikatoka nje. Watu wenye akili zao walisafiri, wakala nauli, wakala nyama, wakachagua kwa makini kitu kizuri kisichofaa, na kwa sababu ya kitu hicho mtoto wa watu anakwenda kuwa mke wa tatu. Nani atasema amekosea? Hakuna, kila mmoja alikagua vizuri.

Kwa hayo yote, tunaomba kabla ya Jumamosi Umoja utume gari liichukue kompyuta yake. Pamoja na gari tunaomba tamko la maandishi kwamba meza iko huru, ili ile ya Shaaban iingie na Mzee Filemoni aone kwa macho yake binti yake ana kazi. Ikiwezekana tunaomba pia kamati ya ukaguzi ivunjwe. Isipowezekana, wanunuliwe miwani. Na kama wanachama wataona uchungu kuirudisha kompyuta nzuri namna hiyo, nawashauri waipeleke Ikoma kwenye mahoteli ya wageni. Huko kuna mtandao, kuna mbio, na hakuna anayefuma.

Naomba msilipeleke jambo hili kwanza kwenye kundi likapigiwe kura. Mara ya mwisho mlipopiga kura, aliyeshinda alikuwa rangi nyeusi.

Salamu kwako sasa, shemeji. Kaka yako hajambo, mgongo unamsumbua kama kawaida yake wakati wa palizi. Msalimie mkeo Sarah, mke mwenzangu wa ukoo, na watoto, waambie bibi yao anawauliza. Wasalimie wanachama wote, hasa wale wanaosoma ujumbe na kukaa kimya, najua ndio wengi. Padri anakusalimu, anasema kichuguu kimemomonyoka upande mmoja na anangoja mtu wa kukilipia. Shaaban na Maua wanakusalimu.

Ni mimi, ninayeshika kalamu kwa niaba ya mikono iliyokosa kazi,

Agustina Nyangwine,
Katibu.

NYONGEZA. Jumapili.

Barua hii haikupata mtu wa kuishusha Mugumu mpaka leo, na kabla sijafunga bahasha imenibidi niombe neno moja: yote uliyosoma hapo juu nayafuta. Kama umeshaanza kutafuta gari, acha. Msije kuichukua kompyuta. Msiisogelee hata kidogo.

Jana asubuhi, ng'ombe wa yule bwana wakiwa bado ng'ambo ya Mto Mara, Mama Waisiko aliingia kwa Mzee Filemoni, na sisi wote nyuma yake, tumejitwisha kompyuta yenu ndani ya boksi lake. Unajua kwamba Mama Waisiko ni mjane na hakujaliwa mtoto wa kiume. Unajua pia mila yetu ya nyumba ntobhu, kwamba mama wa namna hiyo anaruhusiwa kutoa mahari na kuoa binti, ili nyumba yake isife. Akasema amekuja kuoa, na mahari ndiyo hii. Kikundi kilikuwa kimekaa kikao na kuridhia, nathibitisha kama katibu.

Mzee Filemoni alicheka mpaka akashika fimbo. Akauliza, "Tangu lini mahari ikachomekwa kwenye umeme?" Ndipo tukamgeukia Mzee Kisyeri, aliyekuwa ameshafika mapema kwa ajili ya ng'ombe. Siku ya mapokezi alisimama mbele ya ritongo, mkutano mzima wa kijiji, akaapa kwamba amekagua mahari tangu ujana wake na hajaona boma la ng'ombe linaloishinda mashine hii. Wajumbe wenu walimrekodi kwa simu, na video tunayo. Tukamwonyesha. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Akamwangalia Mzee Filemoni, Mzee Filemoni akaangalia chini, wakatoka kando kunong'ona. Waliporudi walifungua boksi na kuikagua upya, pole pole, pande zote. Wangesemaje ina kasoro, na wao ndio walioichagua? Mzee Filemoni akamwambia mzee mwenzake, "Basi, tata, imepokelewa." Ng'ombe wa Kewanja walipofika walikuta watu wanakula, wakageuzwa.

Najua mila hiyo imewaumiza mabinti wengi, wameolewa na wajane wakageuzwa punda wa nyumba na kuletewa wanaume wasiowataka. Mama Waisiko anajua kuliko mimi. Ametamka mbele ya wazee kwamba kwake Gloria haletewi mtu, na kazi ya mke wake ni kufuma.

Sasa mkiichukua kompyuta mtakuwa mmerudisha mahari, na mahari ikirudi binti naye anarudi kwao. Kwa hiyo mimi Agustina nathibitisha mbele ya Umoja kwamba kompyuta mliyotuchagulia ni bora kabisa, matundu yake yanatosha, mbio zake ni za kiasi, na kamati yenu haijawahi kukosea. Mzee Filemoni ameiweka sebuleni na kuifunika kitambaa. Hajaiwasha, na fundi msimtumie. Meza yetu iko wazi bila kumwomba mtu ruhusa, na Shaaban ameahidi kuja na mzigo wake keshokutwa.

Halafu kuna jambo ambalo sikuliandika juu kwa sababu lilikuwa halijatokea. Kabla hatujaingia na boksi kwa baba yake, Mama Waisiko alikwenda peke yake kwa Gloria akamuuliza kama anataka. Katika ukaguzi wote uliofanyika mwaka huu, hilo lilikuwa halijaulizwa. Gloria alikuwa amekaa mlangoni anafuma kwa sindano za mkono sweta la mtoto wa jirani. Akasema anataka, ila tumsubiri kidogo, amebakiza mkono mmoja. Ng'ombe walikuwa njiani. Tukaliweka boksi chini, tukakaa, tukamsubiri.